Chungwa Likomae Mtini

Msimu mkubwa wa machungwa uko mlangoni. Kuanzia Juni hadi Agosti barabara ya Segera kwenda Tanga itapambwa na mabeseni na nyavu za machungwa, malori yatapakia Muheza mchana na usiku, na walaji wa Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi watalimenya chungwa letu. Kabla pilikapilika hazijatuchukua, naomba tuongee kidogo kama watu wa nyumba moja. Naomba tuziongelee zile familia zinazolilima.

Nasema familia kwa sababu machungwa mengi ya Mkoa wa Tanga hayatoki kwenye mashamba ya makampuni. Yanatoka kwenye ekari moja, mbili au tano za baba na mama na watoto wao, huko Muheza, Mkinga, Korogwe na Handeni. Humo humo shambani kuna minazi, kuna mihogo, pengine na migomba michache karibu na nyumba. Mchungwa alioupanda babu bado unazaa, na mjukuu ndiye anayeupalilia.

Je, umewahi kujiuliza chungwa ulilokula jana lilitoka kwa nani?

Jamii ya ndimu na machungwa ni ya siku nyingi katika pwani yetu. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alitaja ndizi na malimau. Vasco da Gama alipotia nanga hapo Aprili 1498, mabaharia wake wengi walikuwa wamedhoofishwa na kiseyeye. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Aliyeandika habari za safari ile aliisifu hewa ya Mombasa kwa kuwaponya wagonjwa wao. Sisi leo tunajua dawa ilikuwa ndani ya matunda yale.

Basi tuingie shambani.

Asubuhi ya mkulima wa machungwa haianzi kwa kuchuma. Ganda la chungwa lina vifuko vidogo sana vya mafuta. Alfajiri, tunda likiwa limejaa maji na umande ungali juu yake, vifuko hivyo hupasuka kwa kubonyezwa kidogo tu. Mafuta yakimwagika huliunguza ganda, na baada ya siku chache hapo hutokea doa la kahawia ambalo mnunuzi hulikataa. Ndiyo maana mkulima mzoefu huutumia muda ule kupalilia, kukata machipukizi yanayoota chini ya pale mche ulipobebeshwa, au kukusanya yaliyodondoka usiku. Jua likishaukausha umande, ndipo ngazi na mkasi vinatoka.

Mkasi? Ndiyo, mkasi. Chungwa likivutwa kwa nguvu, kikonyo mara nyingi hung'oka na kipande cha ganda, na ukungu wa kijani hupata pa kuingilia. Likikatwa likabaki na kikonyo kifupi, hukaa siku nyingi zaidi. Na lile linaloangushwa kwa kutikisa tawi laweza kuonekana zima leo, lakini keshokutwa limeshaoza katikati ya tenga na kuyaozesha yaliyo jirani yake. Wewe unayechuma kwa upembo kwa sababu mti ni mrefu, mwombe mwenzako akae chini na gunia lililokunjuliwa alidake. Ni kazi ya watu wawili badala ya mmoja, lakini mnachokiokoa kinauzika.

Baba yuko juu ya ngazi na mfuko begani. Mama anayamimina taratibu kwenye tenga lililotandikwa majani makavu ya mgomba. Watoto wakirudi shule wanasaidia kuchambua: makubwa huku, ya kati huku, madogo huku, na yenye majeraha yanabaki nyumbani kwa kukamua. Wazazi, mnalijua hili bila ya mimi kulisema: shule kwanza, machungwa yatawasubiri.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Chungwa haliivi likishachumwa. Embe unaweza kulivundika likaiva ndani. Ndizi unaweza kuivisha kwa moshi. Lakini chungwa ukilichuma likiwa chachu, litabaki chachu mpaka lioze. Utamu wake wote linaupata mtini, katika miezi mingi inayopita kati ya ua na tunda, na majuma ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko yote. Mkulima anayeweza kuyasubiri majuma hayo anauza tunda. Asiyeweza anauza matumaini.

Na ni nini kinachomnyima subira? Tuhesabu miezi pamoja. Mvua za vuli zikianza, michungwa mingi huchanua. Januari shule zinafunguliwa. Ni kweli tangu mwaka 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne katika shule za serikali haina ada, lakini sare zipo, madaftari yapo, viatu vipo, na michango midogo midogo haikosekani. Wakati huo chungwa mtini halijapita ukubwa wa gololi. Hapo anakuja mnunuzi na fedha mkononi, anatembea shambani, anatazama maua na vitunda, anataja bei ya shamba zima. Familia inatazamana. Mtoto hana viatu. Shamba linauzwa.

Ikifika Juni, tunda si lao tena. Aliyenunua naye ana haraka, kwa kuwa fedha yake imekaa juu ya mti nusu mwaka, na pengine ameikopa. Bei ya mwanzo wa msimu ikiwa nzuri, anapeleka vijana wake kuchuma yaliyokomaa na ambayo bado. Lori linafika Dar es Salaam na machungwa makali, mlaji anakunja uso, bei inashuka, na jina la machungwa yetu linashuka nalo.

Simwoni mwenye kosa hapa. Mzazi anayetaka mtoto wake avae viatu hajakosea. Mnunuzi anayeweka mtaji wake juu ya maua anabeba hatari ya kweli, kwa kuwa mvua ikikatika hasara ni yake. Wote wawili wanafanya wanachoweza. Lakini je, hatuwezi kupunguza haraka hii tukisaidiana?

Nawaomba mjaribu jambo dogo, wenye mashamba. Mkilazimika kuuza mapema, msiuze shamba zima. Uzeni safu kadhaa, mbakize nyingine ziwe za familia. Safu hizo zilizobaki ziacheni mpaka zikolee kabisa, kisha muende nazo gulioni wenyewe. Mtaona tofauti ya bei kwa macho yenu, bila kuhitaji mtu wa kuwahutubia. Na makubaliano ya zile safu nyingine yaandikeni: miti mingapi, bei gani, mwisho wa kuchuma ni lini, nani analipia tawi likivunjwa. Ushahidi wa jirani mmoja na saini ya mwenyekiti wa kijiji vinatosha kuepusha maneno. Mnunuzi mwema huupenda mkataba kwa sababu unamlinda yeye pia.

Halafu kuna Agosti. Agosti ndio mwezi wenye fedha nyumbani, na Januari ndio wenye shida. Kati ya hiyo miwili pana miezi minne mitano tu. Kina mama wa vikoba mnaweza kutusaidia sana hapa, maana ninyi mmeshatufundisha kuweka akiba kidogo kidogo na kukopeshana kwa kuaminiana. Kwa nini kikundi kisiwe na mfuko mmoja wa sare, unaojazwa wakati wa mavuno na usiofunguliwa mpaka Januari? Nyumba yenye sare ndani ya sanduku mwezi Desemba haiuzi maua mwezi Januari.

Na pale mlipo wengi kijijini, fikirieni kuuza pamoja. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inawapa wakulima njia ya kuanzisha chama chao cha mazao na masoko, na ofisa ushirika wa halmashauri yupo kwa ajili ya kuwaelekeza. Lori moja linalojazwa na familia kumi kwa siku moja linamvuta mnunuzi aje kijijini na mizani yake, badala ya kila familia kumfuata barabarani na tenga moja.

Nimetaja mizani. Gulioni chungwa huuzwa kwa namna nyingi: kwa fungu, kwa kuhesabu, kwa tenga, kwa gunia. Kwa mlaji wa nyumbani fungu halina ubaya, kila mtu analiona na kuliamua. Tatizo liko kwenye gunia linapovikwa kilemba juu na kufungwa kwa kamba, ile lumbesa tunayoifahamu sote. Kilemba kile mkulima halipwi, na kijana anayelibeba anaumia mgongo. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilisemea jambo hili miaka nenda miaka rudi. Lakini hatuhitaji kumngoja ofisa. Muuzaji ukisema kwa upole, "Ndugu yangu, tujaze mpaka mdomoni, tushone," umeshafanya kazi ya sheria. Na wewe mnunuzi ukiwa wa kwanza kuleta mizani kijijini, mwaka ujao wakulima watakuulizia kwa jina.

Sasa ndugu zangu wa mjini, nanyi mna sehemu yenu, na ni nyepesi kuliko mnavyodhani.

Unapofika sokoni, Mabibo au Buguruni au Ngamiani hapa Tanga, unalichaguaje chungwa? Wengi siku hizi tunavutwa na rangi. Tumeona machungwa yanayotoka nchi za mbali yaking'aa kwa rangi ya njano iliyoiva, nasi tukaanza kulitilia shaka chungwa letu la kijani. Lakini rangi ile inaletwa na usiku wa baridi. Ganda huacha ukijani wake pale hewa inapopoa sana, na tambarare za Muheza hazina baridi hiyo. Chungwa letu linaweza kukomaa, likajaa maji, likawa tamu kabisa, na bado ganda likawa la kijani au la kijani chenye mabaka ya njano. Usilihukumu kwa ganda lake.

Lishike mkononi. Lililokomaa ni zito kuliko unavyotarajia kwa ukubwa wake, ganda lake ni laini kwa kupapasa na vitundu vyake havijitokezi sana. Na zaidi ya yote, muulize muuzaji. "Hili la wapi, mama? Limechumwa lini?" Anayeuza la shambani kwake atakujibu mara moja na atakumenyea moja uonje. Ukizoea kuuliza, wauzaji nao watazoea kumuuliza anayewaletea, na swali lako litafika mpaka chini ya mti. Mlaji anayekataa chungwa chachu na kumrudia mwenye chungwa tamu anamsaidia mkulima kusubiri, hata kama hawajawahi kuonana.

Wewe dereva wa basi unayesimama Kabuku, Michungwani au Muheza, dakika mbili tatu za kumngoja mama apokee fedha yake yote na kurudisha chenji ni msaada mkubwa. Nawe abiria, andaa fedha kabla ya basi kusimama, ili mtu asikimbie nyuma ya gari akidai haki yake. Ni jambo dogo, najua. Lakini yule mama amebeba beseni kichwani tangu asubuhi, na huenda beseni lile ndilo zile safu za familia nilizozisema.

Je, ofisini kwako mnakunywa nini kwenye vikao? Kwenye harusi na maulidi ya mtaani, lazima kila meza iwe na soda? Chungwa moja la ukubwa wa kati linakaribia kumpatia mtu mzima vitamini C anayohitaji kwa siku nzima. Walimu wakuu na kamati za shule, mnaopanga uji wa watoto, hebu tazameni kama katika miezi ya msimu hamuwezi kuongeza nusu chungwa kwa kila mtoto siku moja moja. Mashamba yako jirani na shule, na bei ya wakati huo ni ya chini. Wenye vibanda vya juisi, tunawategemea kwa usafi: maji yaliyochemshwa, mikono iliyooshwa, machungwa yaliyosuguliwa kabla ya kukatwa. Na vijana wetu mnaomenya kwa kisu kikali mpaka ganda linaning'inia utepe mmoja mrefu, kazi yenu ni ya heshima na tunaipenda. Yawekeeni maganda chombo pembeni. Kuna mtu mtaani mwenye bustani anayeyahitaji kwa mboji.

Nirudi shambani mara moja, maana kuna kazi ambayo familia moja haiwezi kuimaliza peke yake.

Nzi wa matunda aliyeingia Afrika Mashariki na kugunduliwa mwaka 2003 hutaga mayai chini ya ganda. Tunda linaanguka, funza wanatoka, wanajichimbia udongoni, na baada ya siku chache wanaruka wakiwa nzi wapya kwenda kwa jirani. Ukikusanya yaliyodondoka ukayafukia kina cha futi mbili, au ukayafunga ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuuanika juani, umekata mzunguko huo. Lakini jirani yako asipofanya hivyo, nzi wake ni wako. Basi kwa nini tusiwe na siku moja ya juma ambapo kitongoji kizima kinaokota? Zamani tulikuwa na siku za msaragambo za kusafisha njia na visima. Hii ni ya namna ile ile.

Wapo pia wasaidizi wasiodai posho. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa kiota, huwinda wadudu wengi wanaoharibu machungwa. Huko China wakulima waliwatumia kwenye michungwa yao tangu karne nyingi zilizopita. Wanauma, hilo silifichi. Ukijipaka majivu mikononi kabla ya kupanda, hupungua. Kabla ya kununua dawa ya kupuliza, uliza kwanza kama dawa hiyo haitawaua hawa wanaokufanyia kazi bure.

Na miche, jamani, tuwe waangalifu. Upo ugonjwa unaoitwa kijani cha michungwa, unaosambazwa na mdudu mdogo anayefyonza majani machanga, na pia kwa vikonyo vya kubebeshea vinavyotolewa kwenye mti mgonjwa. Majani hupata mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili, tunda hudumaa, na mti hauponi. Nunueni miche kwenye kitalu mnachokifahamu, na msibebe vijiti kutoka mikoa mingine kwenda navyo nyumbani kama zawadi, hata kama mti ulioukuta huko ni mtamu kiasi gani. Kijana anayetafuta kazi, jifunze kubebesha. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa mapema kuliko uliooteshwa kwa mbegu, na mwenye mkono mzuri wa kubebesha hakosi wateja katika mkoa huu. Wazee wetu wengi wana ujuzi huo, na wanafurahi kuulizwa.

Zimebaki siku chache msimu uanze. Tarehe 8 Agosti, Nane Nane, itatukuta mavuno yakiwa katikati. Naomba kabla ya siku hiyo kila familia yenye michungwa ikae kikao kimoja jioni, baba, mama na watoto wakubwa, kwa kuwa nao wanalifanyia kazi shamba. Ulizaneni: mwaka huu tumeuza safu ngapi, na tumebakisha ngapi? Nani atakwenda gulioni, na fedha itashikwa na nani? Kiasi gani kitawekwa kwa ajili ya Januari? Majibu yaandikeni kwenye daftari la shamba, na mnunuzi akibisha hodi maua yakiwa yamechanua, mkaribisheni ukumbini, mpeni maji ya kunywa, kisha lifungueni daftari hilo mbele yake.